Kosa Angani, Kesi Wapi?

Tarehe 26 Februari 1982, Boeing 737 ya Air Tanzania iliondoka Mwanza kwenda Dar es Salaam. Safari ya ndani, isiyohitaji pasipoti. Haikufika. Kundi la vijana wa Kitanzania liliiteka, likaipeleka Nairobi, Jeddah, Athens, na mwishowe Stansted, nje kidogo ya London, likidai Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Walijisalimisha tarehe 28, baada ya mazungumzo yaliyomhusisha Oscar Kambona, waziri wa zamani aliyekuwa akiishi uhamishoni Uingereza. Ndege ya Tanzania, watekaji Watanzania, kosa lililoanzia juu ya ardhi ya Tanzania. Kesi ikasikilizwa Uingereza, na mwezi Septemba mwaka huohuo wakahukumiwa huko vifungo vya kati ya miaka 3 na 8.

Uingereza iliingiaje? Ilikuwa na sheria ya utekaji wa ndege ya mwaka 1971, iliyotungwa kuutekeleza Mkataba wa The Hague wa 1970. Sheria hiyo haikujali uraia wa mtekaji, nchi iliyosajili ndege, wala ndege ilikuwa juu ya nchi gani ilipotekwa. Ilijiwekea mpaka mmoja mkuu: ndege ikiruka na kutua ndani ya nchi ileile iliyoisajili, Waingereza hawahusiki. Na kinachohesabiwa ni mahali ndege ilipotua kweli, si mahali palipoandikwa kwenye tiketi. Ile Boeing ingeishia Kilimanjaro, Tanzania ingebaki na kesi yake. Iliposhusha magurudumu Nairobi, suala likawa la kimataifa.

Utekaji ni kosa ambalo mataifa yamelizibia karibu kila tundu. Taabu iko kwenye makosa ya kawaida: kofi, pochi iliyochomolewa kwenye kabati la mizigo, mkono unaompapasa msichana aliyelala, mlevi anayemrushia mhudumu chupa. Kwenye makaratasi, nchi zenye haki ya kushtaki kosa la namna hiyo huwa tatu au nne kwa mpigo. Mlangoni mwa ndege, mara nyingi haipo hata moja iliyojiandaa kufungua jalada. Nani ana mamlaka ni nusu tu ya swali. Nusu ya pili ni nani atakuwa pale mlango ukifunguliwa, akiwa na nini mkononi.

Herufi zilizoandikwa ubavuni

Mkataba wa Chicago wa 1944 unaipa ndege utaifa wa nchi iliyoisajili, na unakataza ndege moja kusajiliwa nchi mbili kwa wakati mmoja. Utaifa huo umeandikwa wazi kwenye mwili wa ndege, kwa kawaida nyuma karibu na mkia. 5H ni Tanzania, 5Y Kenya, 5X Uganda, 9XR Rwanda, 9U Burundi, 9Q Kongo ya Kinshasa. ET ni Ethiopia, A6 Falme za Kiarabu, A7 Qatar, A4O Oman, TC Uturuki, PH Uholanzi. Dreamliner ya kwanza ya Air Tanzania, iliyowasili Julai 2018, ni 5H-TCG: kisheria, popote iendapo inabeba Tanzania ndani yake.

Mkataba wa Tokyo wa tarehe 14 Septemba 1963, ulioanza kutumika Desemba 1969, ndio uliojenga juu ya msingi huo. Ibara ya 3 inasema nchi iliyosajili ndege ina uwezo wa kusikiliza makosa yaliyotendwa ndani yake ikiwa safarini. Kuna mambo mawili ambayo wengi huyakosea hapa. La kwanza, mamlaka hiyo si ya kipekee; ibara hiyohiyo inaacha wazi mamlaka nyingine yoyote ambayo nchi inayo kwa sheria zake za ndani. La pili, nchi unayopita juu yake haipokonywi anga lake. Inachozuiwa, chini ya Ibara ya 4, ni kuisumbua ndege iliyo safarini ili kumkamata mtu, isipokuwa kosa lina athari ardhini kwake, limetendwa na au dhidi ya raia wake au mkazi wake wa kudumu, linagusa usalama wake, limevunja kanuni zake za urukaji, au kuna mkataba wa mataifa mengi unaoilazimu kuingilia.

Hapo kuna mtego kwa wasioishi na ramani za anga. Ndege ikiwa juu ya bahari, rubani huongea na kituo cha nchi fulani kilomita mamia kutoka pwani. Mtu husema, "Tulikuwa tunaongozwa na Dar es Salaam, kwa hiyo lilikuwa anga la Tanzania." Sivyo. Eneo la kuongoza ndege ni mgawanyo wa kazi tu. Anga la nchi linaishia maili 12 za baharini kutoka pwani, takriban kilomita 22. Zaidi ya hapo ni juu ya bahari ya wote, na inabaki nchi iliyosajili ndege pamoja na yeyote ambaye sheria yake inamfikisha huko.

Usajili una udhaifu wake, nao umezidi kukua. Mwaka 1963 shirika la ndege lilimiliki ndege zake na kuzisajili nyumbani. Leo ndege nyingi ni za kukodi, na aliyenunua ndege huisajili panapompa nafuu. Unaweza kupanda ndege yenye rangi na wahudumu wa nchi moja, kumbe usajili ni wa Ireland au Bermuda. Ndege ya Ryanair iliyolazimishwa kutua Minsk tarehe 23 Mei 2021 ilikuwa inatoka Athens kwenda Vilnius, chini ya jina ambalo kila mtu anajua ni la Ireland, lakini ilisajiliwa Poland. Waendesha mashtaka wa Poland wakafungua uchunguzi kwa hoja hiyo. Sasa weka badala yake ugomvi wa kiti kati ya abiria wawili. Mwendesha mashtaka wa Dublin, au wa Hamilton kule Bermuda, atajisumbua kwa kofi lililopigwa kati ya watu asiowajua, mashahidi wako Afrika, na ndege yenyewe haijawahi kukanyaga nchini kwake tangu iuzwe? Hajisumbui.

Kuwa na mamlaka bila kuwa na kosa

Kabla ya Tokyo, mahakama zilishapata aibu mbili ambazo kila anayeandika sheria ya anga anapaswa kuzijua.

Ya kwanza ni ya Agosti 1948, kwenye ndege ya Kimarekani kutoka San Juan, Puerto Rico, kwenda New York. Abiria wawili waliokuwa wamekunywa rumu walianza kupigana. Abiria wengine wakarundikana nyuma kutazama, mkia ukawa mzito, mpaka rubani akamwachia msaidizi wake usukani aende kuwaamua. Mmoja wa wagomvi akamng'ata rubani begani na kumpiga mhudumu. Ushahidi haukuwa na shaka. Lakini mwaka 1950 jaji wa New York alimwachia, kwa sababu sheria ya Marekani ilitaja makosa ndani ya chombo cha majini na kwenye bahari kuu. Ndege si chombo cha majini, na kuwa juu ya bahari si kuwa baharini. Bunge la Marekani likarekebisha sheria mwaka 1952.

Ya pili ni ya Uingereza, mwaka 1956, na ndiyo inayofundisha zaidi. Watu walikutwa na kasumba ndani ya ndege ya Kiingereza kati ya Bahrain na Singapore. Kifungu kilikuwepo kinachosema kosa lililotendwa ndani ya ndege ya Kiingereza lihesabiwe limetendwa pale mtuhumiwa alipo. Jaji Devlin alikisoma taratibu akasema: kifungu hiki kinanieleza kesi isikilizwe wapi, hakigeuzi kitendo kuwa kosa. Kanuni za dawa za kulevya zilizotajwa kwenye mashtaka zilihusu kukutwa nazo ndani ya Uingereza, na washtakiwa hawakuwa Uingereza. Kesi ikaanguka. Ndiyo maana sheria ya Uingereza ya mwaka 1967, iliyoingiza Mkataba wa Tokyo, iliandikwa kwa namna nyingine: kitendo ambacho kingekuwa kosa kama kingefanyika Uingereza ni kosa hilohilo kikifanyika ndani ya ndege yao ikiwa safarini.

Kosa hilo la uandishi bado linaonekana. Nchi hutia saini mkataba, hutunga kifungu kimoja cha "mahakama zitakuwa na mamlaka", ikadhani imemaliza. Siku ya kesi wakili wa utetezi huuliza swali la Devlin: mteja wangu amevunja kifungu gani, kinachotumika wapi? Tanzania Bara imejikinga kwa sehemu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 6, inaifikisha kanuni yenyewe kwenye kosa la mtu yeyote ndani ya ndege iliyosajiliwa Tanzania, na kosa la raia wa Tanzania popote alipo nje ya nchi. Angalia kilichoangaliwa hapo: usajili wa ndege na uraia wa mtenda kosa. Mtanzania akiibiwa na mgeni ndani ya ndege ya A6 juu ya Bahari ya Arabu, uraia wa aliyeibiwa haumfungulii mlango huo.

Nchi ndege inapotua

Nchi yenye polisi, mwathirika, mtuhumiwa na mashahidi wote kwa dakika ishirini ni ile ambako ndege imetua. Cha kusikitisha ni kwamba Tokyo ya 1963 haikuitaja kama yenye mamlaka kwa sababu ya kutua. Ndiyo chanzo cha mandhari ambayo wahudumu wa ndege wanaifahamu sana: polisi wanaingia, wanasikiliza, wanaandika majina mawili matatu, kisha wanasema kosa halikutokea kwao, ndege si yao, mtuhumiwa si wao. Mlevi anachukua begi lake anaondoka.

Baadhi ya nchi ziliziba pengo hilo zenyewe. Marekani inaihesabu ndege ya kigeni inayotua kwake kutoka nje kuwa ndani ya mamlaka yake kwa makosa kadhaa. Mwaka 1989 mahakama ya shirikisho ya Brooklyn ilikubali kumshtaki Mromania kwa kumdhalilisha kingono mtoto wa Kinorwe ndani ya ndege ya SAS kutoka Copenhagen, juu ya Atlantiki, kwa sababu ndege ilitua New York. Uingereza ilifanya hivyo mwaka 1996, kwa sharti kwamba kitendo kiwe kosa pia katika nchi iliyosajili ndege. Sharti hilo ni la haki, ingawa linaweza kumpa mwendesha mashtaka kazi ya kuthibitisha sheria ya nchi ya kigeni mbele ya hakimu.

Kwa nchi nyingine ilibidi kusubiri Itifaki ya Montreal ya tarehe 4 Aprili 2014, inayorekebisha Mkataba wa Tokyo na iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020 baada ya Nigeria kukamilisha idadi ya nchi 22. Itifaki inaongeza nchi ya kutua, na nchi ya shirika linaloendesha ndege iliyokodiwa bila wafanyakazi. Pia inataja kwa jina makosa mawili ambayo nchi zinahimizwa kuyashughulikia: kumpiga au kumtishia mfanyakazi wa ndege, na kukataa amri halali ya kapteni. Inagusa hata pesa: haizuii shirika kumdai abiria msumbufu gharama alizosababisha, na ndege ndefu ikigeuzwa njiani gharama hizo si za mchezo.

Ila isomwe kwa makini. Wajibu wa nchi ya kutua kujipa mamlaka unahusu ndege iliyotoka kwake au iliyopangwa kutua kwake, na usalama au utulivu ndani ya ndege uwe umehatarishwa. Ndege ya London kwenda Nairobi ikigeuziwa Athens kwa ajili ya mlevi, Ugiriki inayo ruhusa ya kushtaki, haina wajibu huo. Na kosa linalofanyika kimyakimya, kama wizi wa pochi usiku abiria wote wamelala, huibua ubishi kama kweli limehatarisha utulivu wa safari. Itifaki pia inafunga tu nchi zilizoiridhia. Ndege ikitua kwingine mnarudi 1963.

Kapteni: kumshusha au kumkabidhi

Mamlaka ya kapteni yana saa zake. Kwa mujibu wa Tokyo, kwa kazi ya kapteni ndege iko safarini tangu milango yote ya nje inapofungwa baada ya abiria kupanda hadi mmoja unapofunguliwa washuke. Kwa sura nyingine za mkataba uleule, safari huanza injini zinapopewa nguvu ya kuruka na kuisha mbio za kutua zinapokoma. Kwa hiyo kofi lililopigwa ndege ikijivuta kwenye lami kuelekea njia ya kurukia lilikuwa ndani ya mamlaka ya kapteni lakini nje ya Ibara ya 3. Itifaki ya 2014 imefuta tofauti hiyo kwa kutumia kipimo cha milango kotekote.

Ndani ya muda wake, kapteni anaweza kumzuia mtu, hata kumfunga, kwa hatua zinazolingana na hali. Anaweza kuwaamuru wahudumu wasaidie. Abiria hawaamuru, anawaomba au kuwaruhusu. Pingu za plastiki ziko kwenye kifurushi cha ndege, na mafunzo yanasisitiza jambo moja kuliko yote: mtu aliyefungwa halazwi kifudifudi wala hakaliwi mgongoni, na lazima awepo anayemtazama pumzi. Kufunga kunaisha ndege ikitua, ila kwa hali tatu: nchi isiyo mwanachama imekataa ashushwe, ndege imetua kwa dharura na hakuna wa kumpokea, au mwenyewe amekubali kuendelea na safari akiwa amefungwa. Aliyetenda kwa mujibu wa mkataba, awe kapteni, mhudumu au abiria aliyesaidia, hashtakiwi kwa hatua hiyo.

Sasa tufike penye uamuzi unaoamua kesi nzima, nao hufanywa na mtu aliyechoka, akijiandaa kutua. Chini ya Ibara ya 8 kapteni anaweza *kumshusha* mtu anayehatarisha usalama au utulivu. Chini ya Ibara ya 9 anaweza *kumkabidhi* kwa mamlaka za nchi anapoamini ametenda kosa kubwa kwa sheria ya jinai ya nchi iliyosajili ndege. Kushusha ni rahisi: kinachotakiwa ni kuiarifu nchi husika kwamba nimemshusha huyu kwa sababu hii. Kukabidhi kunadai zaidi: taarifa itolewe mapema, ikiwezekana kabla ya kutua, na kapteni atoe ushahidi na maelezo aliyo nayo kihalali.

Rubani anayewaza saa zake za kazi na ratiba ya kesho huelekea kwenye kushusha. Anadhani ni kitu kilekile, mradi polisi wamekuja. Si kilekile. Aliyeshushwa ni abiria aliyefika mapema kuliko alivyotaka, na polisi hawana wajibu wowote wa kumchunguza. Aliyekabidhiwa, nchi inatakiwa impokee na ifanye uchunguzi wa awali mara moja, hata kama haina nia ya kumshtaki. Ikimweka chini ya ulinzi, iiarifu nchi iliyosajili ndege na nchi ya uraia wake, na imsaidie kuwasiliana na ubalozi wake. Uchunguzi huo wa awali ndio jalada ambalo nchi nyingine inaweza kuliomba baadaye. Kama mimi ningeandika mwongozo wa shirika la ndege, ukurasa wa kwanza wa sura hii ungekuwa na swali moja tu kwa kapteni: Ibara ya 8 au ya 9? Na nafasi ya kuandika kwa nini.

Viwango vya tukio vinasaidia kujibu. Mashirika hutumia ngazi nne: maneno na ukaidi, vurugu za mwili, tishio kwa uhai, na kujaribu kuingia chumba cha marubani. Kuanzia ya pili, kushusha tu ni kulitupa kosa. Na matukio hayapungui: takwimu za IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, zilionyesha tukio moja kwa kila safari 835 mwaka 2021, na moja kwa kila safari 568 mwaka 2022.

Tahadhari moja kwa marubani wa safari za ndani. Mkataba wa Tokyo hauwapi nguvu hizi kwenye safari inayoanza na kuishia ndani ya nchi iliyosajili ndege, isipokuwa ndege iendelee kwenye anga la nchi nyingine na mtu huyo akiwa ndani. Mwanza–Dar, Kisumu–Nairobi: nguvu ya kumfunga mtu inatoka kwenye sheria ya nchi, siyo Tokyo. Na Dar–Zanzibar ina utamu wake. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, polisi ni jambo la Muungano, lakini sheria ya jinai si la Muungano; Zanzibar ina sheria yake ya adhabu, Mkurugenzi wa Mashtaka wake na Mahakama Kuu yake. Safari yenyewe ni dakika ishirini. Mgomvi akishuka Zanzibar ndani ya ndege ya 5H, Sura ya 16 inamfikia kwa usajili wa ndege, naye kimwili yuko mikononi mwa waendesha mashtaka wengine kabisa. Ofisi hizo mbili zikubaliane kwa simu kabla ya hati ya mashtaka kuandikwa, sio baada ya wakili kuleta pingamizi.

Ushahidi unaotembea

Eneo la tukio husafishwa ndani ya dakika chache. Wasafishaji wanaingia abiria wa mwisho akitoka. Blanketi, gilasi na taulo zinakwenda kwenye mifuko. Mashahidi wana ndege za kuunganisha. Wahudumu wanakwenda kupumzika na kesho wako bara jingine. Ndani ya ndege nyingi hakuna kamera zinazotazama viti. Kesi isipokusanywa mlangoni, imekwisha.

Kitu kinachoharibu maelezo kuliko vingine ni saa. Abiria anasema "saa tisa usiku". Ripoti ya wahudumu imeandikwa 00:00, kwa saa ya kimataifa, UTC. Simu ya mwathirika bado inasoma saa ya Dubai, 04:00. Zote tatu ni dakika ileile, kwa sababu Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya UTC na Dubai saa nne, na sisi tunahesabu usiku kuanzia jua kuzama. Askari akiandika "09:00 usiku", hati tayari ina doa. Ndege kubwa huenda takriban kilomita 900 kwa saa, yaani kilomita 15 kila dakika. Kosa la saa moja linalihamisha tukio kutoka nchi moja hadi nyingine, na pamoja nalo hoja ya anga la nani. Dawa ni kuandika muda kwa UTC, kisha mabanoni muda wa shahidi kama alivyousema, na kuomba rekodi ya njia ya ndege mapema ili mahali pathibitishwe kwa dakika.

Mwathirika naye ana kazi yake, akiwa bado angani. Amwambie mhudumu mkuu, si yule wa karibu tu, kwa maneno haya: naomba kapteni aombe polisi waipokee ndege. Aulize kama ombi limepelekwa. Aandike namba ya safari, tarehe, viti vya wahusika, na namba ya usajili. Hii huonekana kwenye kibao kidogo chumba cha marubani au nje ndege ikiwa imeegeshwa, na mhudumu akiulizwa huijua. Apate majina na simu za watu wawili walioona, kabla mikanda haijafunguliwa. Kwenye udhalilishaji wa kingono, asinawe wala kubadili nguo, na nguo zikivuliwa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, maana plastiki inashika unyevu na kuozesha vielelezo.

Ardhini, asiondoke kituo cha polisi cha kiwanja bila namba ya kumbukumbu: RB kwa Tanzania, OB kwa Kenya. Kama kuna jeraha, achukue fomu ya polisi ya matibabu, PF3, au P3 akiwa Kenya, ingawa mwenye hali mbaya atibiwe kwanza. Akiambiwa "hilo halikutokea hapa", aombe lirekodiwe hivyohivyo pamoja na maelezo yake na jina la askari, kisha siku hiyohiyo aliandikie shirika la ndege akilitaka lihifadhi ripoti ya wahudumu na orodha ya abiria wa viti vya jirani. Malalamiko mengine yapelekwe polisi wa nchi iliyosajili ndege, kupitia ubalozi wake kama ni lazima. Rekodi ya RB ndiyo itakayoonyesha kwamba mwathirika hakusubiri mwezi mzima ndipo akakumbuka.

Hata nchi yenye mamlaka isiyo na shaka inaweza kujikwaa ndani mwake. Kesi ya kofi lililopigwa kwenye safari ya Minneapolis kwenda Los Angeles ilifika Mahakama ya Rufani ya Marekani, Mzunguko wa Tisa. Mwaka 2019 majaji walisema ilipaswa kusikilizwa katika wilaya ambayo ndege ilikuwa juu yake kofi lilipotua shavuni. Waendesha mashtaka waliona waziwazi kwamba hakuna atakayeweza kufanya hesabu hiyo kila mara. Desemba 2020 jopo kubwa la mahakama hiyohiyo likabatilisha: wilaya ndege ilipotua inatosha.

Kesi ya jinai ikishindikana kabisa, bado kuna njia ya madai dhidi ya shirika lenyewe, chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama. Ni mkataba mwingine, usichanganywe na itifaki ya 2014. Shirika linawajibika kwa jeraha la mwili lililotokana na ajali ndani ya ndege, na mahakama kadhaa zimekubali kwamba shambulio la abiria mwenzako laweza kuwa "ajali" kwa maana hiyo. Maumivu ya akili peke yake ni ngumu zaidi: mwaka 2002 Baraza la Malodi la Uingereza, wakati huo mahakama yao ya juu kabisa, lilimnyima fidia binti wa miaka 16 aliyepapaswa kwenye ndege ya KLM kutoka Kuala Lumpur kwenda Amsterdam akaugua sonona, kwa kuwa mkataba wa zamani wa Warsaw ulidai jeraha la mwili, na Montreal imebaki na maneno hayohayo. Kwa hiyo cheti cha daktari kitaje alama zozote za mwilini, hata mchubuko. Muda wa kufungua madai ni miaka 2 tangu ndege ilipofika au ilipopaswa kufika, na barua za kulalamika kwa shirika hazisimamishi saa hiyo.